Mtoto anafikicha macho mpaka nasikia mlio. Ni tabia tu au kuna madhara?

MamaWaTegeta (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Naombeni mawazo yenu, na wataalamu wa macho mliomo humu msinipite.

Nina kijana wa miaka 11, yuko darasa la tano. Huyu mtoto anafikicha macho. Sisemi kule kufikicha kwa mtu aliyetoka usingizini, nasema kufikicha kazi. Anakunja ngumi, anaingiza kifundo cha kidole cha shahada kwenye kona ya jicho upande wa pua, halafu anazungusha kama anasaga karanga. Ukikaa naye kochi moja unasikia kabisa: kwiki, kwiki, kwiki. Akimaliza anatulia kidogo, mdomo wazi, kama mtu aliyeshushia maji ya mtungi baada ya jua la saa saba. Nikimkemea ananijibu, "Mama, wewe hujui linavyowasha."

Alianza akiwa na miaka 5 au 6 hivi. Kiangazi vumbi likipamba moto ndiyo balaa. Ule weupe wa macho yake siku hizi una rangi ya chai ya maziwa, na asubuhi anaamka na matongotongo yanayovutika kama mlenda. Mwaka huu peke yake miwani imebadilishwa mara mbili. Duka ni lile lile, kila tukirudi namba imepanda, wananiuzia lenzi mpya, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini namba inakimbia hivyo.

Mama mkwe anasema atakua ataacha. Baba yake anasema ni simu. Mimi nataka kujua: kwa nini mtu anafikicha macho hivi, na je, anajiumiza?

KitiChaMbele

Naweka kambi hapa. Nimesoma kichwa cha uzi tu, mkono umeshapanda wenyewe jichoni.

Nyamaume

Dada mnakuza mambo. Kila binadamu anafikicha macho. Babu yangu kafa na miaka 84, kafikicha maisha yake yote na alikuwa anaona mbuzi aliyepotea mlima wa pili. Mwache mtoto.

TabibuWaKope

Mama, nimesoma maelezo yako mara mbili. Mimi si daktari bingwa, ni ofisa tabibu kitengo cha macho, mwaka wa 14 huu. Nianze na kwa nini, maana Nyamaume hajakosea kote: karibu kila mtu anafikicha.

Sababu ya kwanza ni ukavu na uchovu. Kwa kawaida tunapepesa kope kama mara 15 kwa dakika. Ukikodolea simu, kitabu au usukani, inashuka hadi nusu au chini ya hapo. Utando wa machozi unakatika, jicho linakauka, linachoma. Ukilikanda unakamua machozi kidogo pamoja na mafuta kutoka kwenye vitezi vya kingo za kope, unapata nafuu. Ndiyo maana mtoto mchanga akitaka kulala anafikicha. Hiyo haina neno, mlaze tu.

Ya pili ni kitu kimeingia. Hiyo kila mtu anaijua.

Ya tatu ndiyo ya huyu kijana: mzio. Ndani ya ile ngozi laini chini ya kope kuna seli zilizobeba vifuko vya kemikali iitwayo histamini. Vumbi au chavua vikigusa pale, vifuko vinapasuka na jicho linawasha. Sasa ukifikicha, kwa nusu dakika unapata raha, lakini kile kifundo cha kidole kimepasua vifuko vingine ambavyo vilikuwa vimetulia. Baada ya dakika tano linawasha kuliko mwanzo, anarudi tena. Ni mkopo wa riba.

Weupe kugeuka rangi ya chai, matongo ya kuvutika kama mlenda, mtoto wa kiume, alianza kabla ya kufika miaka 10, kiangazi kinamzidia: huo mzio wa watoto tunauona kila wiki kliniki. Na ni kweli wengi wanapona wakishabalehe, kwa hiyo mama mkwe ana hoja yake. Tatizo ni yale yanayoharibika wakati unasubiri abalehe.

Nina maswali matatu. Anatumia mkono gani zaidi? Jicho lipi namba imepanda zaidi? Na kuna dawa yoyote ya matone unamwekea?

Nyamaume

Mkuu sawa, lakini mbona ni raha hivyo? Kama ni kitu kibaya mwili ungekataa. Mimi nikibonyeza macho baada ya shifti ya usiku nasikia moyo wenyewe unatulia.

DaftariLaZamani

Unausikia kweli, wala si stori. Mboni ikibanwa, habari inapita kwenye mshipa wa fahamu wa tano unaotoka kwenye ubongo, kule ndani inapokelewa na mshipa wa kumi ambao unashuka mpaka kifuani na kuupunguza moyo kasi. Mwaka 1908 madaktari wawili, Aschner wa Austria na Dagnini wa Italia, kila mmoja kwa wakati wake, walieleza jambo hili. Mpaka leo wanaofanya upasuaji wa makengeza kwa watoto, wakivuta msuli wa jicho, mtu wa dawa ya usingizi anakodolea mashine ya moyo, kwa sababu mapigo yanaweza kuporomoka hapo hapo.

Na zile nyota na miduara ya rangi unayoona ukibonyeza, hakuna mwanga wowote ulioingia. Pazia la ndani ya jicho linajua lugha moja tu, mwanga. Ukilibana linapiga kelele kwa lugha hiyo hiyo.

Kwa hiyo raha ipo. Lakini hata kukwangua upele ni raha.

KitiChaMbele

Nimejaribu sasa hivi ofisini kuziona hizo nyota. Bosi kapita, kaniuliza nalia nini.

FundiMoto_Gongolamboto

Mimi nachomelea mageti. Nikupe kisa kimoja, mama, maana kufikicha kuna siku kunakuwa na gharama.

Mwaka wa kwanza nikiwa saidia fundi, kioo cha ngao kilikuwa kimoja na fundi ndiye aliyekivaa. Mimi nilishika chuma huku nimekunja macho, nikajiona mjanja. Mchana wote sikusikia kitu. Saa nane usiku nikaamka macho yote mawili kama mtu kanimwagia mchanga wa ujenzi. Nilifikicha mpaka kukakucha. Wazee wa gereji wakaniambia kata kiazi mbichi ubandike. Nikabandika. Kule hospitali nesi alicheka kwanza, ndipo akanieleza: ule mwanga umeunguza ngozi ya juu kabisa ya kioo cha jicho, yenyewe inarudi ndani ya siku moja au mbili, lakini mimi nilikuwa naimenya kwa kiganja wakati inajaribu kuota. Zile siku mbili zikawa sita.

Na chembe ya grenda usiithubutu kabisa. Ikiingia chini ya kope la juu, kila ukifikicha inachora mstari kwenye kioo kama msumari kwenye dirisha la gari. Vuta kope la juu ulilaze juu ya la chini, pepesa ndani ya maji safi, ikigoma nenda hospitali. Chuma kikikaa humo kinashika kutu humo humo jichoni. Mimi nimetolewa kutu, nikiwa macho, naiona sindano inakuja.

Nyamaume

Hapo kwenye sindano nimefunga simu kwa muda.

JaluoWaPwani

Salamu kutoka Kisumu. Ongezeni na yule mdudu tunayemwita Nairobi fly, mwembamba, mweusi na mwekundu kwa zamu, anafuata taa za usiku msimu wa mvua. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo ndani ya mwili, ukimponda shingoni usiku inabaki vidoleni, halafu unafikicha jicho. Kesho yake kope limevimba limefunga, ngozi imeungua mstari kama uliochorwa kwa pasi. Mvua za El Niño za 1997 na 98 walijaa kila mahali, nilikuwa darasa la pili, nusu ya darasa tulikuwa jicho moja. Ukimwona mpulize, usimponde. Ukishamponda, sabuni na maji kwanza, jicho baadaye.

MamaWaTegeta

Asanteni sana. Tabibu nakujibu.

Mkono ni wa kulia, huyu hana kushoto kabisa. Jicho ambalo namba inapanda zaidi ni la kulia, nimechukua vyeti vya miwani nikavipanga mezani ndipo nikaona, la kushoto limesogea kidogo tu. Sikuwahi kulifikiria hili. Pia analala kifudifudi, ngumi ya kulia chini ya uso.

Dawa: duka la dawa la mtaani walinipa matone, kichupa kidogo cheupe. Siku ya pili macho yalikuwa safi, nikamshukuru Mungu. Basi yakirudi narudia. Imefika kama miezi saba sasa, kichupa baada ya kichupa. Nimesoma hapa kwenye boksi: deksamethasoni.

TabibuWaKope

Mama, nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Hiyo ni steroidi. Ni dawa nzuri, na sisi tunaiandika, kwa siku chache, tukiwa tunamwona mgonjwa. Haikupaswa kuuzwa dirishani kama pipi. Ikitumika kwa miezi, presha ya jicho inaweza kupanda kimya kimya, bila maumivu, inakula mshipa wa kuonea, na kilicholiwa hakirudi. Pia huleta mtoto wa jicho hata kwa mtoto mdogo. Nimeona kijana wa kidato cha pili anashikwa mkono kuvuka barabara, mzio wake ulishapoa zamani, kilichompofusha ni kichupa. Mpeleke wiki hii apimwe presha ya macho. Usingoje likizo, na hicho kichupa beba uwaonyeshe, wao ndio watakwambia namna ya kukiacha.

Sasa lile la mkono wa kulia na jicho la kulia.

Kioo cha mbele cha jicho, konea, pale katikati kina unene wa kama milimita 0.54. Kadi yako ya benki ni nene kuliko hicho kioo. Kimesukwa kwa nyuzi nyuzi zinazokipa umbo la kuba. Kwa baadhi ya watu nyuzi hizo ni dhaifu, na ukizikanda kwa kifundo kila siku miaka nenda rudi, kioo kinakonda, kinabinuka mbele, kinakuwa kama ncha ya yai. Mwanga hautui tena sehemu moja. Mtu anaona herufi zina vivuli, taa ya barabarani ina mkia, na miwani inabadilishwa kila baada ya miezi michache bila kutosheleza. Ugonjwa unaitwa keratokonasi.

Sisemi anao. Mtandaoni hapimwi mtu. Nasema omba wampime umbo la konea, ile mashine inayochora ramani ya kioo kwa rangi. Kipimo cha kusoma herufi ukutani hakitakuonyesha.

DaftariLaZamani

Wapenzi wa kikapu watakumbuka, Stephen Curry alisema mwaka 2019 kwamba ana keratokonasi, akaanza kuvaa lenzi za kubandika juu ya jicho. Miaka yote ile anatupia mipira ya mbali, alikuwa anakunja macho ili aone.

Ila Tabibu, kuna ubishi hapo. Daktari mmoja wa Paris, Damien Gatinel, anashikilia kwamba bila kufikicha hakuna keratokonasi kabisa. Wengine wanasema ni damu ya ukoo kwanza, kioo kibovu ndicho kinachowasha, mtu anafikicha kwa sababu ugonjwa umeshaanza.

TabibuWaKope

Ubishi upo na mimi siumalizi. Wako wanaofikicha miaka 50 vioo vyao vikabaki imara, babu yake Nyamaume huyo hapo. Na wako wenye ukoo wa ugonjwa huu. Lakini mtoto akiwa mbele yangu, ukoo wake siwezi kuubadilisha. Mkono naweza kuushusha.

MwanaKongwa

Nimekaa kimya nasoma, ila suala la babu limenigusa. Bibi yangu, Kongwa, Dodoma, alikuwa na kibanio kidogo cha chuma kimefungwa kwa uzi kwenye pindo la kitenge. Kila baada ya siku chache alimwita mjukuu mwenye macho makali, analaza kichwa mapajani, tunamng'oa kope moja moja. Sisi tulidhani ni uzee. Kumbe ni vikope, trakoma. Maambukizi ya utotoni, yanayobebwa na nzi na mikono na kitambaa kimoja cha watoto sita, yakijirudia miaka mingi yanaacha makovu, kope linakunjamana ndani. Hapo hata usipofikicha, kila unapopepesa, nywele zinafikicha kioo cha jicho badala yako. Mara 15 kwa dakika alizosema Tabibu, mchana kutwa.

Bibi alipofanyiwa upasuaji mdogo wa kugeuza kope, jicho la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe. La kushoto lilipona. Kibanio alibaki nacho, akawa anatolea miiba ya wajukuu.

Nyamaume

Pole kaka. Hapa sina la kubisha.

Zuhura_K

Nyie mnazungumza mambo makubwa, mimi nakumbuka macho mekundu ya Januari 2024 hapa Dar. Daladala nzima miwani myeusi kama msafara wa rais. Mombasa nako yalipiga miezi hiyo hiyo. Ilikuwa kirusi, na njia yake ilikuwa hii hii: umeshika bomba la daladala, umefikicha, umeshika mlango wa ofisi, mwenzako kashika, kafikicha. Nyumbani kwetu tuliugua saba kati ya nane. Aliyepona ni shangazi ambaye mikono yake ilikuwa na hina mbichi siku tatu, hagusi kitu.

Jirani alimwekea mtoto maziwa ya mama jichoni, mwingine majani ya chai. Yule wa chai alikwenda hospitali na kidonda kwenye kioo.

KitiChaMbele

Swali la kijinga: sasa likiwasha nifanye nini? Maana tangu asubuhi nimejizuia nahisi kulia.

TabibuWaKope

Si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Kumwambia mtu "usifikiche" bila kumpa kitu kingine ni kumwambia mwenye kiu asimeze mate.

Ubaridi. Histamini haipendani nao. Kitambaa safi kwenye maji ya baridi, juu ya kope zilizofumbwa, dakika tano, bila kukandamiza. Machozi bandia yale yasiyo na steroidi, yakikaa kwenye friji ni bora zaidi, yanaosha vumbi lenyewe. Kwa mzio kuna matone ya kuzuia histamini, olopatadini au ketotifeni, haya daktari akishaandika unaweza kutumia msimu mzima, ila hayana miujiza ya siku mbili, yanataka uvumilivu. Kwa wa simu: kila dakika 20 angalia kitu cha mbali, mita 6 na zaidi, kwa sekunde 20, upepese kwa makusudi. Na ukizidiwa kabisa, vidole viguse mfupa unaozunguka jicho, si jicho.

Kikiingia kimiminika kama maji ya saruji, chokaa au dawa ya kuzibulia mabomba, hapo hakuna kitambaa wala kupiga simu. Bomba la maji, jicho wazi, dakika 20, ndipo safari ya hospitali ianze.

Mwenye presha ya macho, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, yeye asifikiche hata kidogo. Kila ukibana, presha ya ndani inaruka juu.

Nyamaume

Na pilipili? Naulizia rafiki.

FundiMoto_Gongolamboto

Rafiki yako anawe kwa sabuni kabla hajaenda chooni pia.

MamaWaTegeta

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Tulikwenda hospitali yenye kitengo cha macho kikubwa. Presha ya macho kwanza: 19 kulia, 18 kushoto, wakaniambia mpaka 21 ni kawaida. Nilikaa kwenye benchi nikalia, watu wakadhani nimepewa habari mbaya. Kile kichupa daktari alikishika kwa vidole viwili kama panya, akanipangia jinsi ya kukipunguza mpaka kuisha.

Kisha ile ramani. Jicho la kushoto kijani kibichi karibu lote. La kulia chini ya katikati kuna doa jekundu, pembezoni njano, kama embe dodo lililoanza kuiva upande mmoja. Sehemu nyembamba kabisa ni mikroni 478, yaani milimita 0.478. Ni keratokonasi, ndiyo, ila mwanzo. Kuna tiba ya kukaza zile nyuzi, wanadondoshea vitamini B2 kwenye kioo halafu wanamulika mwanga wa urujuanimno. Daktari alisema ilianzia Dresden, Ujerumani, na haimrudishii alichopoteza, inasimamisha tu pale ilipofika. Kwanza mzio utulizwe, turudi baada ya miezi mitatu wachore tena, ramani ikiwa imesogea watafanya.

Daktari hakunihubiria mimi, alimhubiria mwenyewe. Alimwonyesha doa jekundu, akamwambia, "Hii umeichora wewe kwa hiki," akamgusa kifundo cha kidole. Mtoto alikitazama kile kidole njia nzima mpaka Mbezi.

Usiku anavaa soksi za kuchezea mpira mkononi, tumembadilishia na upande wa kulala. Nimehesabu, zamani ilikuwa nashindwa kuhesabu, jana alifikicha mara nne, na mara mbili alijisimamisha mwenyewe njiani.

Changamoto imebaki moja. Nilimfundisha ule ubaridi wa Tabibu, na mchana shuleni hakuna friji, kwa hiyo nikamruhusu anunue barafu ya ubuyu, aizungushie leso safi aweke kwenye kope, ikishayeyuka kidogo aile. Sasa huyu kijana macho yanamuwasha kila saa nne kamili, hata mvua ikinyesha. Asubuhi anasimama mlangoni na begi mgongoni, mkono ameunyoosha: "Mama, mia mbili ya dawa."